Kijiko Kikiinama

Nilikwenda kucheka, sikwenda kujifunza.
Jumanne, nyuma ya zahanati ya Handali,
wanawake kumi na tisa, masufuria matatu,
na Nyemo binti Chilongani, niliyemjua akiwa na kamasi,
leo kavaa fulana ya buluu, anatufundisha uji.

Uji!
Mimi niliyepika uji mwaka wa njaa
kwa pumba za uwele na maji ya korongoni,
nikakuza watano.
(Nilizaa saba. Hilo sikulisema.)

Mkamwana wangu Mbeleje alikaa mbele yangu,
Lameki mapajani, miezi minane.
Wakamzungushia ule utepe mkononi,
ukasimama kwenye njano.
Hakuna aliyegeuka kunitazama. Ndiyo iliyouma.
Maana nani humlisha, mama yake akitoka alfajiri
kupalilia mizabibu ya watu?
Mimi. Kwa kikombe. Uji mwepesi unaopita wenyewe,
kwani mtoto hana meno, nilikuwa nikisema,
mtoto hana jembe.

Nilikuja nao, kwenye chupa ya chai.
Nyemo akachota, akainamisha kijiko:
ukakimbia wote, kama mvua ya kwetu
inayopita juu ya mchanga, umeiona, hujaipata.
Akachota wa sufuriani, akainamisha.
Ukatetema. Ukabaki.

"Tumbo lake ni dogo, kama ngumi yake," akasema.
"Ukilijaza maji, chakula kikae wapi?"

Nikaitazama ngumi ya Lameki.
Nikaona ngumi mbili nyingine,
nilizozikunja mwenyewe, kabla ya sanda.

Akauliza nani ana karanga, nani ana mboga.
Wakatazamana. Pindoni mwa kanga yangu
nilikuwa na ilende, niliyoianika juu ya tembe,
na karanga za kusaga, za kitoweo cha mwanangu.
Nikafungua fundo. Sijui ni mkono wa nani ulifungua.
"Kumbe unavyo, bibi," akasema Nyemo,
"ila vinampita mtoto, vinakwenda kwa baba."
Wakacheka. Nikacheka nao, mwisho wao wote.

Jioni Ndahani alikuwa akipanga mayai ya mnadani
kwenye ndoo ya mchanga.
Nikachukua moja.
"Mama, hilo lina mteja."
"Liandike deni," nikamwambia,
"utanidai mimi."

Sasa deni limefika mayai ishirini na mbili.
Utepe bado njano; Nyemo anasema
njano iliyokaribia kijani. Mimi macho yangu mabovu,
naamini uzito wa mgongoni:
juzi kwenda kisimani nilipumzika njiani mara mbili.

Kila asubuhi, kabla hajafungua mdomo,
nakiinamisha kijiko mara tatu.
Mbeleje anasema, mama, mara moja yatosha.

Namwacha aseme.
Ya tatu ndiyo ya Lameki.