Kangomba

Hokororo aliingia saa nne asubuhi,
kompyuta kaikumbatia kama mtoto mwenye homa,
akaiweka mezani kwangu, akasema tu: "Inanuka."

Nikainusa. Kweli.
Si vumbi; vumbi la Newala nalijua,
likiungua hunukia chungu kipya.
Hii ilikuwa plastiki na shaba,
harufu ya kukaa puani hadi chakula cha jioni.

Ana studio nyuma ya soko.
Hukata picha za harusi, za watoto waliotoka jandoni,
akina mama wa kanga sare wakicheza hadi alfajiri,
saa sita azibane ziwe dakika arobaini.
Kadi ya picha kainunua kwa korosho za mamake,
malipo ya mnada wa pili,
kwa mtu wa Masasi aliyeapa:
"Hii haitaki waya wa pembeni. Chomeka tu, inatosheka."

Inatosheka.

Nikafungua mfuniko, nikatoa mita ya kubana,
nikapitisha kadi kwenye kirefusho
nilichokichambua nyaya mwenyewe, uzi mmoja mmoja.
Sheria ya sloti ni fupi, haina aya nyingi:
wati sabini na tano, basi.
Na humo, upande wa volti kumi na mbili,
ampea tano na nusu,
sitini na sita ukizidisha.

Tukaiwekea harusi ya Nanguruwe.
Hamsini. Sitini.
Bibi harusi akaingia: sabini na moja.
Ngoma ikapamba moto,
themanini na nne,
tisini na mbili, kufumba na kufumbua,
ikarudi themanini kana kwamba haikugusa kitu.

"Kangomba hiyo," nikamwambia.

Akanyamaza. Huku kwetu neno hilo halina haja ya kufasiriwa:
bakuli liitwalo kilo, na ndani mna kilo na robo.
Mamake aliwahi kuuza hivyo, mwezi wa pili,
mvua nje, debe la unga tupu,
korosho ambazo hata maua yake hazijayaona.

"Lakini haikuzima," akajitetea.
"Miezi mitatu. Haikuzima hata mara moja."

Hapo ndipo penye shida, Hokororo.
Sloti haina fyuzi. Haina mdomo wa kusema yametosha.
Ubao huu wanauita mama, na jina wamelipatia:
anaombwa anatoa,
anaombwa anatoa,
kipimo kaachiwa mlaji,
si mpakuaji.

Nikamulika kwa tochi ya simu.
Pini tano tu hubeba mzigo wote ule, nyembamba kama meno ya kitana.
Mbili zilikuwa za kahawia.

Alitaka niseme ni umeme. Wengi hutaka hivyo:
gesi iko hapo chini pwani, na taa zetu bado zinakonyeza.
Umeme una makosa yake.
Hili si lake.

Nikaifunga kadi kwa programu, wati sitini, isivuke.
"Harusi moja itachukua muda gani sasa?"
"Saa mbili na nusu. Mwanzo ilikuwaje?"
"Moja na robo."
Akahesabu vidoleni Jumamosi zake hadi mwisho wa mwezi,
vidole vikamwishia.
Akalipa nusu.
Mlangoni akageuka: "Mama akikuuliza, mwambie ilikuwa vumbi."

Sikumjibu.

Jumamosi usiku nilipita nyuma ya soko.
Feni ilikuwa inavuma dirishani, nyembamba, ya haraka,
na sikuweza kujua kwa sikio
kama kile kifungo amekiacha au amekifungua.
Sikubisha hodi.

Nikarudi dukani kuchukua funguo nilizosahau,
macho yakaniangukia kwenye ekstensheni yangu mwenyewe:
chaja nne, pasi ya kulehemu, redio,
friji la soda la jirani,
birika.
Nikaigusa plagi kwa kiganja.

Nikachomoa birika.