Wale wa Kuku

Juu ya kinu cha Mama Khavere, Amalemba,
saa nne asubuhi meza huanza kutetemeka.
Mahindi ya mtaa yanasagwa,
na sisi, watu watatu na kompyuta mbili,
tunapuliza unga kwenye vitufe
tuendelee kujenga kijiji ambacho hakipo.

Mchezo ulikuwa na kila kitu
ila jina la waliouzaa.
Nabwile alitaka la kutisha,
herufi za chuma, moto nyuma yake.
Lihanda alitaka la Kizungu,
wa mbali wasije wakajiuma ulimi.
Mimi nilinunua simba mtandaoni, dola tano,
manyoya yanapepea,
nikamweka mwanzoni angurume.
Akanguruma.
Wiki ile walipakua watu kumi na mmoja,
saba kati yao binamu zangu.

Tukaenda kwa Lutomia, fundi wa mabango,
aliyechora nusu ya Kakamega:
vinyozi, buchari,
kliniki ya meno yenye jino linalotabasamu.
"Simba?" akasema, akisuuza brashi kwa mafuta ya taa.
"Nimeshawapa chama cha mikopo. Baa mbili. Na mwenye mikate.
Kwani ninyi mnauza nini?"
Nabwile akasema, tajiriba.
Lihanda akasema, simulizi shirikishi.
Fundi akatazama viatu vyetu.
"Mtu akishawalipa, anaondoka na nini mkononi?"

Mvua ya saa tisa ilitukuta njiani,
hakuna aliyekimbia.

Sasa nikwambie kuhusu kosa.
Katika kijiji chetu kulikuwa na kuku wa pambo,
adonoe, apite, asisumbue mtu.
Usiku mmoja, macho mazito,
niliandika alama ya kutoa pa kujumlisha,
naye akaanza kutembea kinyumenyume.
Akaingia jikoni kwa mkia.
Akapanda ngazi kwa mkia.
Zimwi tulilolichonga miezi minne
likanyanyua rungu, likapiga kelele,
kuku akapita katikati ya miguu yake
akirudi, hana habari.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni;
wa kwetu kamba yake ni kijistari kimoja.

Nilikuwa nimeshafungua faili nimrekebishe
alipopanda Khasandi, bintiye Mama Khavere,
kuchaji simu ya mama yake.
"Huyo kuku wenu anarudi wapi?"
Sikuwa na jibu.
Akavuta kiti. Akaacha zimwi, akaacha hazina,
dakika arobaini anamfuata kuku.
Simu ikajaa.
Mama akaita kutoka chini mara tatu.

Jumamosi wakaja watoto sita,
wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa.
"Ni hapa kwa wale wa kuku?"
Lihanda akaichukua orodha yake, majina thelathini na nane,
akaikunja mara nne
akaisukuma chini ya mguu wa meza unaocheza.

Lutomia alichora kwa siku moja, nusu kwa deni.
Kuku mwekundu, mkia mbele,
jicho moja linatutazama kama tunalidai.
Mguu huu vidole vitatu, ule vinne.
"Nisahihishe?"
Tukasema hapana, wote kwa pamoja,
kwa haraka iliyotushangaza wenyewe.

Jana wamepiga simu watu wa Nairobi.
Wastaarabu; na fedha zao pia.
Wanampenda kuku, ila atazame mbele,
ishara ya maendeleo, wanasema,
na awe buluu, na vidole vilingane.
Kodi ni tarehe tano.
Nabwile amepiga hesabu nyuma ya bahasha,
akaipiga tena, jibu ni lilelile.

Hatujajibu.
Kinu kimeanza, meza inatetemeka,
Khasandi yuko kitini na vumbi la unga kwenye nyusi.
Ananivuta shati: tazama.
Kuku amefika ukingoni mwa ramani,
pale ambapo hatujajenga kitu,
hata rangi ya ardhi hakuna,
na bado anarudi.