Jiwe la Mizani

Niliikuta Gongoni, kwa Mwamvita muuza asali,
inaning'inia kwa kipande cha tyubu ya baiskeli
upande wa pili wa mizani yake ya mbao,
pamoja na nati mbili na betri iliyokufa.
Vyote kwa jumla, alisema, ni robo kilo.
Nilimpa elfu kumi na tano. Akanitazama:
"Na mimi nitapimia nini?"
Nikamwachia kufuli langu la baiskeli.

Hii ni medali ya saba. Sita nyingine
zimelala ndani ya kopo la Kimbo, kwenye pamba,
nyota za vita vya pili, zote bubu:
nyuma hazina jina, pembeni hazina jina.
Mke wangu huniuliza nafuga nini humo.
Namwambia: watu.

Hii ni ya fedha. Usoni, mfalme asiye na kofia.
Mgongoni, mwanamume uchi juu ya farasi;
farasi kakanyaga ngao, na chini kuna fuvu,
fuvu dogo kama punje ya kunde.
Miaka thelathini nilikata tiketi stesheni,
nimezoea maandishi madogo.
Nikausugua ukingo kwa majivu na ndimu
mpaka herufi zikachomoza moja moja:
namba, kisha RUZIGA, kisha K.A.R.

Ruziga!
Karani gani huyo,
ulimi wake ukampindua Luziga wa watu?

Nimeuliza Isevya, Kwihara, Ipuli.
Nimeonyeshwa Luziga fundi cherehani, Luziga mlevi,
Luziga wa juzijuzi, mwenye bodaboda,
aliyetaka kujua kama kuna fidia.
Padri alinifungulia daftari la ubatizo;
mchwa walishalisoma kabla yangu,
wakaanzia mwaka ule ule nilioutaka.

Mwishowe Igalula, kwa treni ya usiku,
kisha maili sita za miombo, viatu mkononi,
mvua ilikuwa imekula daraja.
Bibi Nyamizi alikuwa anachambua tumbaku.
Nikamwekea kiganjani. Hakuigeuza.
"Luziga hakwenda vita yoyote," alisema.
"Luziga alikufa kwa ndui
kabla Mbelgiji hajaingia Tabora.
Ila jina lake lilibaki kwenye daftari la kodi,
na jina likiitwa, sharti liitike.
Akaitika mdogo wake. Kashindye. Baba yangu."

"Alirudi?"

"Miguu ilirudi. Masikio aliyaacha huko.
Ukimwita Kashindye, kimya.
Ukimwita Luziga, anasimama wima,
mikono ubavuni, hata kama anakula."

Nilikuwa nimeshatoa kalamu na daftari langu.
Nilikuwa na safu ya jina,
safu ya namba, safu ya kijiji.
Sikuwa na safu ya aliyeitika.

Nikamwambia ni yake, ndiyo sababu nimeileta.
Akaipima kwa kiganja, juu, chini,
kama mtu anayetilia shaka kipimo cha dukani,
akanirudishia.
"Baba aliiuza mwenyewe, kwa mizinga minne ya nyuki.
Biashara ilikwisha. Asali tulikula,
mimi nililelewa kwa hiyo asali."
Kisha akauliza kama nimekula.

Treni ilichelewa. Nilikaa juu ya gunia la mtu
naizungusha mfukoni kwa kidole gumba,
ukingo mzima, herufi kwa herufi,
na kila nilipofika kwenye ile R
kidole kilikwama kidogo, kikasita,
kikapita.

Iko kopo moja na zile sita sasa.
Kwenye daftari nimeandika namba tu,
mbele yake nimeacha nafasi ya majina mawili
na bado sijaijaza.

Gongoni, Mwamvita anapimia kufuli langu.
Ni zito kuliko medali, nimelihakikisha
kwa mizani ya posta. Sijamwambia.
Wateja wanaondoka na asali ya ziada kila robo,
wanamsifu mkono wake,
wanalamba vidole njia nzima hadi Isevya.