Nyenje wa Dakika ya Tatu

Onzima amerudi Arua kutoka Dubai na sanduku jeusi.
Ndani, juu ya kitambaa laini kama cha jeneza,
hedifoni za mbao nyeusi na ngozi ya kondoo.
Milioni sita, anasema. Kwako wewe, tano na nusu.
Nikahesabu kimoyomoyo: ng'ombe watatu wa Koboko,
au mabati ya nyumba nzima na misumari yake,
au karo ya Candiru, muhula kwa muhula, mpaka amalize.

"Usinunue," akasema. "Kaa nazo siku tatu.
Sikio lako litakuja kunilipa lenyewe."

Zangu zina miaka kumi na mmoja.
Bawaba ya kushoto nimeizungushia utepe wa fundi umeme,
sifongo imelika, inaniachia unga mweusi shavuni;
vijana wa redio hunicheka: Mzee, leo umechoma mkaa?
Nimehariri nazo matangazo ya vifo, bei za muhogo,
mahubiri, kesi za mipaka, na harusi
ambazo nyingine zimeshavunjika.

Usiku wa kwanza niliweka adungu
niliyoirekodi mwenyewe kule Nebbi.
Kwenye zangu, nyuzi husukumana mlangoni.
Kwenye hizi, kila uzi ulikuwa na kiti chake.
Besi haikuvimba; ilikaa sakafuni
kama gunia lililojazwa sawasawa.
Nikasikia ukucha wa mpigaji ukiuacha uzi,
nikasikia pumzi aliyoivuta kabla ya ubeti,
na ngozi ya adungu ikinung'unika kidogo.
Nikasema: basi, nimekwisha.

Usiku wa pili nikazishindanisha.
Hizi, zile. Hizi. Zile tena.
Sekunde kumi hapa, sekunde kumi pale,
mpaka saa saba nikagundua sikumbuki wimbo unasema nini.
Nilikuwa nasikiliza mbao na ngozi.
Mpigaji alishajiondokea zamani, bila kuaga.

Usiku wa tatu Candiru akazivaa.
"Baba, kuna nyenje."
"Wapi?"
"Dakika ya tatu. Nyuma, kulia, juu kabisa.
Kwenye zako hayupo."

Nikasikiliza. Nikafumba macho, nikasikiliza.
Nikaongeza sauti mpaka adungu ikaniuma.
Dakika ya tatu ikapita kama gari lisilosimama kwetu.

Miaka tisa nilisimama kando ya mashine za tumbaku,
pamba masikioni, na siku nyingine hata pamba hakuna.
Daktari aliwahi kunichorea mstari kwenye karatasi:
unakwenda, unakwenda vizuri, halafu unaporomoka
kama barabara ya Nebbi ikishuka Pakwach.
Huko bondeni ndiko anakoishi nyenje.

Sasa, milioni tano na nusu,
nusu yake niwe namlipa mdudu nisiyemsikia?
Lakini ukucha niliusikia. Pumzi niliisikia.
Nikarudi kwenye zangu, zile za unga mweusi,
na ukucha ule ulikuwemo!
Mdogo, umefunikwa blanketi, lakini ulikuwemo,
miaka yote ukinikwaruza nami sina habari.
Sikio likishaonyeshwa njia hupita hata gizani.

Asubuhi nikamrudishia Onzima sanduku lake.
"Umesikia tofauti?"
Nimeisikia.
"Kwa hiyo?"
Kwa hiyo mvua ya mwezi wa nane haijui habari za besi,
nami bado natafuta mabati.
Akacheka, akafuta mbao kwa kiwiko cha shati.
Sitasema sikuziangalia mpaka alipofunga kifuniko.

Jioni tunakaa na Candiru mezani,
hedifoni kuukuu imegeuzwa nje,
sikio lake upande mmoja, langu upande wenye utepe.
Adungu inaanza, inasukumana mlangoni kama kawaida yake.
Ikifika dakika ya tatu ananyanyua kidole.
Humo hayupo, tunajua sote wawili.
Nami naitikia kwa kichwa.