Saa za Watu

Walisema ni vumbi. Ibra ina vumbi, sikatai,
upepo ukitoka jangwani hata chumvi mezani hubadili rangi.
Walisema ni udi wangu, nikakizima chetezo
miezi minane, nguo zangu zikanuka sabuni tupu.
Walisema pumu, wakampa kopo la kuvuta dawa,
na Muhannad, miaka mitatu, akalipenda kama filimbi.
Kikohozi hakikulipenda wala kulichukia.
Kilikuja usiku, kikala, kikaondoka.

Bi Ghaliya wa nyumba ya pili akasema jicho.
Nikasoma, nikapuliza. Sikudharau kitu.

Nimonia ya tatu ikatupeleka Maskati.
Daktari Jayashree akazipanga picha tatu kwenye taa:
pafu la kulia, juu, wingu lile lile,
limerudi kama mgeni anayejua alipoacha viatu vyake.
Hakuuliza habari za vumbi.
Aliuliza: hukohoa akiwa amekaa, au amelala?
Kabla ya maziwa, au baada?
Na mto wake asubuhi unanuka nini?

Siki, nikasema.
Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mto.

Asila akanifasiria, maana Kiarabu cha daktari na changu
kila kimoja kimetoka pwani yake:
mtoto anacheua, mama, ila hatemi.
Kinapanda hadi kooni, pale panapogawanyika,
huku tumbo, huku pumzi.
Njia mbili zilimshinda fisi,
sembuse tone la maziwa yaliyochacha, gizani.

"Labda," akasema daktari. Alilipenda neno hilo.

Wakamtia waya puani, mwembamba kama uzi wa kudarizi kofia,
plasta shavuni, kisanduku kiunoni.
Ukali wa tumbo utaandikwa na kisanduku.
Kikohozi kitaandikwa na mtu.
Asila ana mimba ya miezi saba; nikamwambia, lala.
Nikakaa na daftari na kalamu ya bure ya benki,
na kila alipokohoa niliinua macho kwenye saa ya ukuta,
nikaandika.

Asubuhi wakavilaza viwili mezani,
mstari wa mashine na daftari langu.
Havikujuana.
Nimeandika kikohozi 8:20, mstari umenyooka kama barabara ya Duqm.
Nimeandika 9:10, umenyooka.
Ulipoporomoka, mara tatu, chini kabisa,
daftari langu lilikuwa jeupe.

Daktari akavua miwani. Basi pengine sicho, akasema,
akaanza kutaja vipimo vingine.
Kisha, kwa upole, akauliza
kama kwenye saa tatu hivi nilipitiwa na usingizi.

"Saa tatu? Saa tatu Muhannad alikuwa anakula biskuti na nesi!"

Asila akalitazama daftari. Akanitazama mimi.
"Mama. Umeandika saa zipi?"
"Saa za watu."

Mkono mfupi ulikuwa kwenye tatu,
nami, kama yeyote aliyelelewa Wete, nikaandika tisa.
Kwetu saa huanza kuhesabiwa jua likitoka,
haziingii usiku wa manane kama mwizi.

Daktari hakucheka. Alichukua kalamu nyekundu
akapunguza sita, mstari kwa mstari.
8:20 ikawa 2:20. 9:10 ikawa 3:10.
Na kila kikohozi kikaketi nyuma ya poromoko lake,
dakika mbili, tatu,
kama mtoto anayemfuata mamaye sokoni.

Nikadhani kesi imekwisha. Haikwisha.
Bado wataliosha pafu, watafute seli zilizomeza mafuta;
hakuna kipimo, akasema, kinachotosha kuapa peke yake.
Lakini "labda" yake sasa ilikuwa na uzito mkononi.

Usiku wa pili niliazima saa ya Asila.
Nikapiga mstari katikati ya ukurasa, safu mbili,
zao na zetu.

3:15. Saa tisa na robo.
Kikohozi kimoja, kikavu.
Mto: siki.