Sakata, Namba Tatu

Jina lake Sakata. Tulidhani ni utani.
Mjapani, halafu anaitwa Sakata,
kana kwamba mama yake alimzaa huku akichungulia
uwanja wetu wa Kiwira, mbuzi wamelala golini,
akasema: huyu kazi yake itakuwa kusakata.

Alitundika daluga zamani, timu ya daraja la pili,
beki wa kushoto. Nani humkumbuka beki wa kushoto?
Magoli mawili maisha yake yote, moja la kujifunga.
Sasa ana miaka hamsini na sita, analima vitunguu,
na kila asubuhi, kabla hajashika jembe,
anapiga danadana na buti za mvua miguuni.
Basi. Hasemi neno. Theluji ikidondoka, anapiga.
Watu milioni tatu wanamtazama,
na kumi na mmoja kati yao wako kibandani kwangu
wakingoja simu zijae chaji.

Natoza mia tatu kwa simu kubwa, kitochi mia mbili.
Umeme ukikatika Rungwe nzima, nina sola;
mvua ikikaza siku nne, sola nayo inageuka pambo.
Hapo tunabaki na simu moja yenye uhai, ya Asangalwisye,
tumeiinamia kama watu wanaoota moto,
tukihesabu: mia na nne, mia na tano,
na mpira haugusi chini,
jamani, haugusi.

Mzee Mwalupindi alileta kitochi chake
kilichofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.
Naye alikuwa namba tatu, timu ya kiwanda cha chai,
enzi ambazo jozi moja ya daluga ilivaliwa na watu wawili,
yeye akichukua ya kushoto.
Hakuna picha. Aliyevaa ya kulia alishakufa.
Akatazama, akaguna:
"Goti la kulia halipo hapo. Anadanganya kwa kiuno."
Tukacheka. Kesho yake akarudi, simu bado imejaa.

Asangalwisye akamrekodi nyuma ya ghala la viazi,
buti za mvua, ukungu umemkalia mabegani.
Danadana thelathini na moja, kisha kikohozi.
Tukairusha. Watazamaji arobaini,
nusu yao sisi wenyewe, tukirudia.
Shangazi mmoja akapiga simu kutoka Makambako
kuuliza kama mzee amechanganyikiwa.

Mwenyewe hakuuliza idadi.
Alirudi kwa Sakata wake, akaniomba nisimamishe,
kidole chenye udongo kikagusa pembe ya kioo:
"Hiki nini?"
Kivuli. Kirefu, juu ya theluji, kimeinua mikono.
"Kuna mtu anamshikia simu," alisema.
"Kila asubuhi. Kwenye baridi ile. Miaka mingapi?"

Alilipa mia mbili yake, akasema ndaga,
akakiviringisha kitochi ndani ya mfuko wa nailoni,
akatoka mvuani.

Siku hizi sihesabu danadana.
Namfuatilia yule wa kivuli.
Kuna siku kina kofia, kuna siku hakionekani kabisa,
na Alhamisi iliyopita picha ilitikisika kidogo,
kama mtu amepiga chafya.
Sakata akainua macho, akaukosa mpira,
akawa anacheka na mtu
ambaye sisi wa Kiwira hatumwoni.