Mavi ya Chuma

Sechambo, shafti ya korona imekatika.
Ngomeni wamesimama siku ya tatu,
mkonge unaozea kwenye troli.
Wameniletea vipande viwili ndani ya gunia,
wakavitua mezani kwangu hapa Gofu,
wakanitazama.

Nimekipasua kimoja kwa urefu, nikakisugua:
msasa wa kukwaruza, msasa laini, kisha kitambaa na mate,
hata nikayaona meno yangu.
Ndipo nikauona. Ufa haukuanzia nje.
Umeanzia kwenye unywele mmoja mweusi
uliolala humo tangu siku ya tanuri,
roli zenu zikauvuta, ukanyooka.
Chuma kilikwisha kuchagua pa kukatikia
kabla hakijapata bei.

Usinijibu kwamba mtaleta kisafi.
Kisafi nakijua, nilikikereza mwaka juzi:
hakivunjiki, kinatoka utepe,
utepe, utepe,
unajiviringa kwenye kisu, unatafuta mkono.
Hiki kidole changu cha shahada, kifupi,
ndiyo kumbukumbu ya chuma safi.

Mimi nataka uchafu wenye adabu.
Tia kiberiti, kidogo, kikutane na manganizi,
maranda yakatike mafupi, yaanguke
kama mtama unaopepetwa.
Lakini kikizidi kinalala kirefu,
na kirefu ndicho kilichokwenda Ngomeni.

Halafu ule mchanga wa alumini,
unaokula visu vyangu vinne kwa asubuhi moja:
usiuache na kona zake.
Waya wa kalsiamu, huyo mtoto wa chokaa,
uzamishe mwishoni,
kila chembe ilainike iwe tone.
Ufa hupenda pembe. Kwenye duara huteleza.

Marehemu Mhina alikuwa akisubiri.
Dakika kumi, mikono mgongoni,
mavi ya chuma yapande juu yenyewe.
Bosi akifoka, humjibu.
Nyinyi mnamwaga mapema.
Nayasikia haya kwenye mashine: kri, kri,
haraka yenu ikipita chini ya kisu.

Nitumie pande moja, msilipake rangi.

Na yule kijana aliyekuwa akilisha korona,
Kibwana, bega limeshonwa nyuzi kumi na moja.
Alikuja na lile gunia.
Akauliza, hicho cheusi ni nini?
Nikamwambia, unywele.
Akataka kucheka, akalishika bega.